Udongo Mwekundu Chini ya Lava

Mtu atokaye Walikale kuelekea Goma, mashariki mwa Kongo, akiisha kuiacha misitu na kuvuka vilima vya Masisi, huteremkia Sake, na punde barabara humwingiza katika uwanja mweusi wa mawe, nao ni lava ya mlima Nyamulagira, iliyoanza kutiririka mwaka 1938 wala isikome hata 1940, baada ya kulifikia Ziwa Kivu. Waashi wa huko huyapasua mawe hayo kwa nyundo, wakayapanga jiwe juu ya jiwe pasipo saruji, ncha ya moja ikikaa katika shimo la jingine, ukapatikana ua thabiti.

Kwa kuwa macho yangu yalikwisha zoea kuta za namna hiyo, nilipouzuru mji wa Catania, kusini mwa Italia, weusi wa mawe yake haukunishangaza. Nilichokitamani ni kujua yaliunganishwaje hata yakabeba majumba makubwa kiasi kile.

Mji ule ulipatwa na maafa mara mbili. Mwaka 1669 lava ya mlima Etna iliizunguka ngome ya Ursino, iliyokuwa ufukoni, ikaiacha mbali na maji; kisha tarehe 11 Januari 1693 zilzala ikauangusha takriban mji mzima. Giuseppe Lanza, mtemi wa Camastra, aliyekabidhiwa kazi ya kuujenga upya, alitaka njia pana zilizonyoka na viwanja vikubwa, ili watu wapate pa kukimbilia kuta zikianguka tena. Na mimi naona hekima hiyo inapita nakshi zote zilizofuata, hata yule tembo wa lava ambaye msanifu Vaccarini alimbebesha mnara wa jiwe katika uwanja wa kanisa kuu.

Ama siri ya ukuta wenyewe imo katika udongo. Lava ipitapo juu ya ardhi huichoma, na udongo ulio chini yake hugeuka mwekundu kama tofali la tanuri. Watu wa Catania waliuita ghiara, wakaufuata kwa kuchimba mapango chini ya lava iliyopoa, wakauchanganya na chokaa. Chokaa peke yake hukauka polepole na kuogopa maji. Ikikutana na udongo ulioungua hushikamana nao, ikawa ngumu hata penye unyevu. Nilijaribu kwa ukucha kuikwaruza chembe nyekundu iliyokuwa baina ya mawe mawili ya ukuta mmoja mkongwe, isibanduke.

Mwaka 2002 Catania na miji saba jirani iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Mwaka huohuo, tarehe 17 Januari, lava ya mlima Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na wenyeji wakarudi kujenga juu ya mawe yaleyale yaliyokuwa yangali na joto. Mawe, basi, tunayo, na mikono ya kuyapasua tunayo. Natamani mwashi mmoja wa Sake afukue pembezoni mwa lava ile ya 1938, atwae karai moja la udongo ulioungua, auchekeche, auchanganye na chokaa, kisha aujaribu katika msingi wa nyumba yake mwenyewe.