Si simu njo inaua butike za BD

Kila mara tukizungumuza juu ya vitabu, kunatokea mutu wa kusema: "Vijana hawasomi tena, simu imemaliza kila kitu." Leo tupime ile maneno kwa mufano wa Marekani, kwenye kuko butike ndogo-ndogo zinazouzisha karibu BD tu: Superman, Batman, Spider-Man na wenzao. Nyingi zimefunga, na zinazobaki zinapumua kwa shida. Je, ni wasomaji njo wamekosekana?

Hapana. Tangu 2016, Dog Man, BD ya watoto ya Dav Pilkey, inauzika kwa mamilioni. Manga za Japani nazo zinajaza rafu za maduka makubwa ya vitabu. Wasomaji wako. Shida iko katika mapatano kati ya butike na wale wanaoiletea bidhaa.

Zamani, BD za Marekani ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti. Isiyouzika ilirudishwa, na hasara ilikuwa ya mwenye kuchapisha. Katika miaka ya 1970, Phil Seuling, mwalimu wa New York, alileta mupango mwingine: muuzaji apewe bei ya chini zaidi, lakini asirudishe kitu. Mwanzoni ilisaidia sana. Butike zilizaliwa kwa wingi, juu wenyewe walikuwa wapenzi wa BD na walijua makliya wao.

Lakini tufanye hesabu. Mwenye butike anafanya komande miezi mbili ao zaidi mbele, kwa kuangalia katalogi tu. Tuseme BD moja inauzwa dola 4, yeye anainunua dola 2. Akichukua 50, analipa dola 100. Akiuzisha 30, anaingiza dola 120. Zile dola 20 njo zilipe kodi ya nyumba, umeme na mufanyakazi. Akiuzisha 25 tu, hana kitu. Sisi wa agronomi tunajua hali hiyo: ni kununua mbegu mbele ya kujua mvua. Tena mukulima ana afadhali, juu maharagi isipouzika, watoto watakula. BD iliyobaki haiingii mu chungu.

Hapa njo lawama yangu inatoka. Kama bidhaa hairudi, kliya wa kweli wa mwenye kuchapisha si musomaji tena, ni butike. Komande ikishalipwa, yeye kazi yake imeisha. Ndiyo maana namba moja inatoka na majalada tano ao kumi tofauti, hadithi moja inakatwa vipande katika BD za majina mengi, na hesabu inarudishwa kwa namba 1 kila mara. Ile yote inaongeza komande, lakini haiongezi wasomaji. Mutu mupya akiingia butike, hajui hata aanzie wapi. Mwaka 1992, Superman "alipokufa" katika namba 75, watu walinunua kopi nyingi na kuzifungia, wakitumaini zitapanda bei. Hazikupanda, juu kila mutu alikuwa nayo. Miaka iliyofuata, butike nyingi sana zilifunga.

Kiisha, angalia mulango wa bidhaa wenyewe. Marvel ilinunua kampuni ya usambazaji Heroes World mwaka 1994, na wachapishaji wengine wakubwa wakaenda kwa Diamond. Mwaka 1996, Diamond ikanunua mushindani wake Capital City. Kwa zaidi ya miaka 20, karibu butike zote zilikula kwa mukono mumoja. Covid ilipokuja mwaka 2020, Diamond ilisimamisha kutuma BD mupya kwa wiki kadhaa, na rafu zikakaa bila kitu kipya. DC ikatoka kwake mwaka ule ule. Januari 2025, Diamond ikakimbilia tribinali juu ya madeni. Shamba la mbegu ya aina moja, ugonjwa mumoja unatosha.

Wengine watasema: biashara ni hatari, mwenye butike alikubali mwenyewe. Ndiyo, alikubali, lakini hakuwa na mulango wa pili. Ufaransa, kwenye zinatoka BD nyingi tunazosoma huku, sheria ya 1981 inakataza kupunguza bei ya kitabu kipya zaidi ya 5%, na muuzaji anaweza kurudisha zisizouzika. Hata huko biashara si rahisi, lakini hasara inagawanywa.

Wengi wetu, kisha licence, tunaota kufungua butike: ya vitabu, ya mbegu, ya dawa za mimea. Kupenda bidhaa si mutaji. Mbele ya kutia sahihi, uliza mambo mawili: isiyouzika itabaki kwa nani? Na huyu anayeniletea akianguka, nitanunua kwa nani? Kama hauna jibu, usitoe franga yako bado.