Mistari Myekundu Chini ya Kiswahili

Lugha ya hati katika programu ya kuchapa maandishi haihifadhiwi mahali pamoja ndani ya kompyuta. Ni alama inayobandikwa kwenye maneno yenyewe, kama vile wino mzito au herufi za mlazo zinavyobandikwa. Kila neno linalochapwa huingia kwenye hati likiwa tayari na lugha yake, na programu hulikagua kwa kamusi ya lugha hiyo, hata kama mchapaji hakuichagua. Ndiyo sababu mtu hubadilisha lugha leo, akaona imebadilika, kisha kesho akakuta mistari myekundu imerudi palepale.

Kamukuywa ni kituo cha biashara kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, katika eneobunge la Kimilili, Kaunti ya Bungoma. Kazi zinazochapwa katika saiba za vituo kama hicho ni mitihani ya muhula, kumbukumbu za mikutano ya vyama, barua za kuomba kazi na ratiba za mazishi. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni Kiswahili, ambacho Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7, inakitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kompyuta nyingi, hata hivyo, hufika zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani. Mtihani wa Kiswahili ukichapwa humo, ukurasa mzima huwa mwekundu.

Wekundu huo si ubaya wa sura tu. Chukua maneno "mtoto wake". Kikaguzi cha Kiingereza hupiga mstari chini ya "mtoto" na kuliacha "wake", kwa kuwa neno lenye herufi hizo lipo katika Kiingereza kwa maana ya kuamka. "Pole" na "mate" hupita kwa njia hiyohiyo. Mwalimu aliyeandika "mtto" kwa haraka anaona mstari mmoja zaidi kati ya mamia, na hana cha kutofautishia kosa na neno sahihi. Kikaguzi kinacholalamikia kila neno ni sawa na kisichokuwepo.

Ndani ya faili, lugha huandikwa kwa msimbo. Katika faili za Word za muundo wa zamani, msimbo huo ni namba: 1033 kwa Kiingereza cha Marekani, 2057 kwa Kiingereza cha Uingereza, 1089 kwa Kiswahili cha Kenya. Katika muundo wa docx ulioanza na Word 2007, herufi zilichukua nafasi ya namba: en-US, en-GB, sw-KE. Faili ya docx kwa kweli ni furushi lililobanwa, na anayelifungua kwa programu ya kufumua mafurushi atakuta humo faili ndogo iitwayo styles.xml. Ndani yake kuna mstari unaotaja lugha ya msingi ya hati. Ukisema en-US, hati hiyo imezaliwa Mmarekani.

Marekebisho yanaanza hapo kwenye chanzo. Hati mpya ya Word hunakili sura na lugha yake kutoka kwenye kiolezo kiitwacho Normal.dotm, kwa hiyo kinachopaswa kubadilishwa ni kiolezo. Katika kichupo cha Review, chini ya Language, hufunguliwa orodha ya lugha za kukagua, huchaguliwa Kiswahili, kisha hubonyezwa Set As Default na kukubali swali linalofuata. Wengi huishia kubonyeza OK peke yake. OK hubadilisha maneno yaliyochaguliwa au yatakayoanzia pale kishale kilipo, na kiolezo hakiguswi.

Baada ya hapo Word ifungwe yote, madirisha yote, kwa kuwa mabadiliko ya kiolezo huandikwa kwenye diski programu inapofungwa. Stima ikipotea kabla ya hapo, kazi hiyo inaweza kupotea nayo. Tena Normal.dotm ni mali ya mtumiaji mmoja: kompyuta yenye akaunti tatu ina violezo vitatu, na kila kimoja hurekebishwa peke yake. Katika saiba zenye programu ya kugandisha kompyuta, ile inayorudisha kila kitu kilivyokuwa mashine inapowashwa upya, ugandishaji lazima uondolewe kwanza, lugha irekebishwe, kisha kompyuta igandishwe tena.

Lakini kiolezo kikishakuwa sawa, bado kuna kibodi, nayo ndiyo inayowasumbua watu kuliko yote. Windows huipa kila kibodi lugha, na Word huyabandika maneno mapya lugha ya kibodi inayotumika. Kibodi ikiwa imeandikishwa kuwa ya Kiingereza cha Marekani, maneno yanaweza kurudi en-US hata katika hati iliyoanza vizuri. Dawa yake ni kuongeza Kiswahili katika mipangilio ya lugha ya Windows na kukichagua wakati wa kuchapa. Vitufe havibadilishi kazi zake kwa kiasi cha kumpotosha mchapaji, maana Kiswahili hakina herufi nje ya zile zilizopo, na ng' yenyewe inapatikana kwa kitufe cha kawaida cha ritifaa. Katika dirisha lile lile la lugha la Word kuna pia kisanduku cha kuiacha programu itambue lugha yenyewe. Kisanduku hicho kiondolewe tiki. Sentensi fupi yenye majina ya watu na maneno mawili ya Kiingereza hukosewa kwa urahisi, na kosa hilo hubandikwa kimyakimya.

Hati za zamani hazifuati kiolezo kipya, kwa kuwa zilishabeba lugha yake tangu siku zilipoandikwa. Hizi huchaguliwa maandishi yote kwa Ctrl na A, kisha hubadilishwa lugha. Tahadhari ni kwamba Ctrl na A haifiki kwenye kichwa cha ukurasa, kijachini, tanbihi wala visanduku vya maandishi. Mtihani wenye jina la shule na maelekezo juu ya ukurasa utabaki na Kiingereza pale juu mpaka mtu aingie humo na kurudia hatua ileile. Anayechapa mitihani kila muhula afanye vizuri zaidi: aweke lugha kwenye mtindo wa aya, akianza na Normal, ili kila aya yenye mtindo huo ibadilike kwa pamoja. Kama baadhi ya maneno yana alama yake ya lugha iliyobandikwa juu ya mtindo, Ctrl na upau wa nafasi huiondoa pamoja na mapambo mengine ya herufi, hivyo itumike kwa uangalifu.

Linalofuata ni la kuangaliwa kwa makini kuliko menyu zote. Mistari myekundu ikitoweka baada ya kuchagua Kiswahili, haina maana kwamba hati haina makosa. Word hukagua lugha ambayo vifaa vyake vya ukaguzi vimesakinishwa, na katika orodha ya lugha hizo huonekana alama ndogo ya ABC yenye tiki. Lugha isiyo na alama hiyo huachwa bila kukaguliwa, na ukurasa hubaki mweupe hata ukijaa makosa. Wanaozima ukaguzi wote ili kuondoa wekundu hujiletea hali hiyohiyo kwa hiari yao, na hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Katika LibreOffice, programu nyingine ya kuchapa maandishi, kazi ni fupi. Chini ya Tools, kisha Options, kuna sehemu ya lugha ambamo huchaguliwa lugha ya msingi ya hati, na kisanduku cha kuiwekea hati iliyofunguliwa peke yake huachwa wazi bila tiki. Kamusi ya Kiswahili inayokuja na programu hiyo imeandikishwa kwa msimbo wa Tanzania, sw-TZ. Kwa hiyo alama ya ABC isipoonekana mbele ya Kiswahili cha Kenya, Kiswahili cha Tanzania ndicho cha kuchagua. Tahajia sanifu ni moja. LibreOffice ilitokana na OpenOffice.org mwaka 2010, na OpenOffice.org ilikuwa imeshapata sura ya Kiswahili mnamo Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice.

Kukagua Kiswahili kwa orodha tupu ya maneno hakuwezekani vizuri. Kitenzi "penda" kikichukua nafsi sita na njeo nne za na, li, ta na me, tayari kina maumbo 24. Yakiongezwa viambishi vya yambwa vya nafsi, maumbo hupita 100, na bado haijafika zamu ya ukanushi, urejeshi wala ngeli nyingine. LibreOffice hutumia kikaguzi cha Hunspell, kilichotungwa kwa ajili ya Kihungari, lugha nyingine yenye kurundika viambishi, na ambacho huweza kuunda maneno kwa kanuni badala ya kuyaorodhesha. Hata hivyo kinachokaguliwa ni tahajia. "Kitabu wake" itapita, kwa kuwa kila neno peke yake ni sahihi.

Majina kama Wafula, Nekesa, Simiyu na Kamukuywa yenyewe yatabaki na mstari hata lugha ikiwa sawa. Majina hayo huongezwa kwenye kamusi ya mtumiaji kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya, jina baada ya jina, na baada ya mitihani michache orodha ya wanafunzi huwa safi. Aya nzima ya lugha ya Lubukusu, kama zile za ratiba za mazishi, isiachwe ikiitwa Kiswahili. LibreOffice humruhusu mchapaji kuandika msimbo mwenyewe kwenye kisanduku cha lugha: bxk kwa Lubukusu, spy kwa Kisabaoti cha Mlima Elgon. Aya hiyo haitakaguliwa, lakini haitahukumiwa kwa kamusi ya wengine, na siku kamusi yake ikipatikana hati itakuwa tayari kukaguliwa.

Mwisho ni jaribio, na lifanywe kabla mwenye kazi hajaondoka na karatasi zake. Ufunguliwe ukurasa mpya, yachapwe maneno mawili: "mwalimu" na "mwalmu". Yote mawili yakipigwa mstari, kompyuta bado iko kwenye Kiingereza. Yote mawili yakiachwa, hakuna kinachokaguliwa. La pili peke yake likipigwa mstari, kazi imekamilika.