Mlinzi wa Shaha

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, mzee jirani yangu hapa Bonn huegemeza ngazi ukutani, hupanda vidato vinne, huingiza mkono katikati ya mnazi wake na kulishika kuti changa lisilofunguka, lile linalosimama wima kama mkuki. Kisha hulivuta. Halivuti kwa nguvu. Hulivuta kama nahodha anayejaribu fundo kabla ya kung'oa nanga. Likikaa imara, mnazi umeivuka baridi. Likichomoka, ncha yake ya chini huwa laini, ya kahawia, yenye harufu ya uchachu, na hapo kazi ya miaka mingi imo hatarini. Mwaka huu lilikaa imara. Alishuka, akaikunja ngazi, akaja hadi kwenye ua unaotutenganisha, akaniambia neno moja tu: "Lipo."

Nimesema mnazi, na mtu wa pwani ana haki ya kunisahihisha. Mti wenyewe hautoi nazi. Makuti yake yamekunjuka kama kipepeo, mfano wa mkoche au mvumo, na shina lake limevikwa manyoya ya kahawia tangu chini hadi juu. Wataalamu wa mimea wanauita Trachycarpus fortunei. Wajerumani wana jina lenye maana ya mnazi wa katani, kwa sababu ya hayo manyoya, na mimi niliyezaliwa Tanga nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza niliusogelea mti, nikayashika. Ni kilifu! Kilifu kile kile tulichokuwa tukikichuna kwenye minazi ya nyumbani, ila hiki ni kizito zaidi, kimefumwa tabaka juu ya tabaka, kama mtu aliyevaa makoti matatu.

Asili yake ni milima ya China, ambako theluji si jambo geni. Wakulima wa huko wamekitumia kilifu chake kwa karne nyingi kusokotea kamba, kutengenezea mifagio na kushonea makoti ya mvua. Robert Fortune, Mskoti aliyetumwa China kutafuta mimea, aliiona miti hii katika kisiwa cha Zhoushan miaka ya 1840, na jina la pili la kitaalamu la mti huu ni lake. Mwaka 1849 alipeleka miche Uingereza. Mingine ikapandwa bustani ya Kew, London, mingine nyumbani kwa Malkia Victoria na mumewe, Osborne, katika kisiwa cha Wight. Mbegu zilikuwa zimekwisha kufika Ulaya kabla yake, mwaka 1830, zikitoka Japani kwa mkono wa daktari Mjerumani Philipp Franz von Siebold. Fortune ndiye pia aliyechukua miche ya chai China akaipeleka India kwa ajili ya Kampuni ya Mashariki ya India. Mimea ya zama hizo ilisafirishwa kama mali, na sisi watu wa Tanga tunalijua hilo vizuri: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alituletea miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Mashamba yote ya mkonge niliyoyaona utotoni yalianzia hapo. Labda ndiyo sababu naweza kumtazama mzee huyu kwa saa nzima bila kuchoka. Naye analea mgeni.

Ili kuielewa kazi yake, sharti kwanza mtu alielewe shaha. Kwa Kiswahili shaha ni ule moyo mweupe ulio kileleni mwa mnazi, mtamu, ambao haupatikani ila kwa kuuangusha mti. Shaha pia ni mfalme wa sataranji, na sijui kama kuna lugha nyingine iliyoviweka viwili hivyo katika neno moja kwa haki kuliko yetu. Mwembe ukikatwa tawi huchipua kwingine. Mwarobaini ukikatwa hadi kisikini hurudi. Mnazi wa shina moja una chipukizi moja tu, kileleni. Kila kuti na kila ua vinatoka hapo, na likifa hilo, mchezo umekwisha, hata kama shina litasimama miaka miwili zaidi likionekana zima. Tena shina lenyewe halina ile ngozi hai iliyo chini ya gome, inayounenepesha mti wa kawaida na kufunika majeraha yake. Jeraha kwenye shina la mnazi hubaki vilevile. Msumari ukipigiliwa ili kutundikia kamba ya nguo, tundu lake litaonekana siku zote za mti huo.

Kwa hiyo ufundi huu hauna matengenezo. Wapo mafundi wa kurekebisha, na wapo wa kuzuia. Mlezi wa minazi katika nchi za baridi ni wa kundi la pili, na sifa zake ni ngumu kuziona kwa sababu akifanya vizuri hakuna kinachotokea.

Kazi huanza na mahali. Alipanda mti wake mita moja na nusu kutoka ukuta wa matofali unaotazama kusini. Huku kaskazini jua la majira ya baridi hupita chini, upande wa kusini, na matofali hulinyonya joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Ukuta huo huo unaukinga mti na upepo wa mashariki, ambao ndio ukaushao. Kisha akaandaa shimo. Udongo wa bustani yake ni wa mfinyanzi, unakamata maji, basi alichimba shimo pana kuliko kina, akachanganya changarawe na mboji, akainua kituta kidogo ili maji ya mvua yasituame kwenye mizizi. Akapanda mwezi wa Mei, si Septemba, ijapokuwa Septemba ndipo maduka yanapouza miche kwa bei ya kutupa. Mizizi ya mnazi hukua udongo ukiwa na joto. Ukiupanda wakati wa vuli, baridi itaukuta bado umekaa ndani ya umbo la chungu chake, kama mgeni asiyefungua sanduku.

Hakununua mti mkubwa. Hili nalo lilinistaajabisha, kwa kuwa mwenye haraka hununua shina la mita mbili na kulipa pesa nyingi. Yeye alianza na mche wa kimo cha goti, akaulea katika chungu kwa misimu minne ya baridi, ndani ya kibanda cha vioo kisicho na moto. Ustahimilivu wa mti huu huja na umri. Mche wa mwaka mmoja unaweza kufa katika baridi ambayo mti wa miaka kumi haitauondolea hata ncha ya kuti. Uliokomaa, ukiwa mkavu, unaweza kuhimili nyuzi 15 chini ya sifuri kwa muda mfupi. Nimelitaja hilo neno, mkavu, kwa makusudi. Yeye hulitaja kila siku.

Maana si baridi peke yake iuayo. Sakitu inapoingia katika jani, barafu hujiunda kwanza nje ya chembe hai, na kwa kujiunda huko hunyonya maji yaliyo ndani ya chembe. Jani hufa kwa kiu likiwa limezungukwa na maji. Udongo nao ukiganda, mizizi haiwezi kunywa, huku makuti yaliyo mabichi mwaka mzima yanaendelea kupoteza unyevu kwa upepo na jua. Mti unaweza kuuawa na ukame katikati ya theluji. Na lile la tatu, ambalo ndilo humnyima usingizi mzee wangu: maji yanayodondokea katika shaha, yakaganda, yakayeyuka, yakaganda tena, hadi chipukizi likajeruhiwa na ukungu ukapata mlango.

Mnazi wake wa kwanza aliupoteza kwa namna hiyo hiyo, na kwa mikono yake. Alikuwa bado mgeni katika kazi, akausikia utabiri wa theluji, akaufunga mti wote kwa nailoni kuanzia Novemba hadi Machi, akaukaza vizuri kwa kamba. Hakuna upepo uliopenya. Hakuna unyevu uliotoka pia. Alipoufungua, shaha lilikuwa uji. Anaisimulia habari hiyo polepole, bila kujitetea, na hunionyesha mahali mti ulipokuwa, ambapo sasa ameotesha waridi.

Siku hizi hafungi chochote mpaka lazima. Usiku wa nyuzi tano chini ya sifuri humkuta ameketi ndani akinywa chai, na mti uko wazi nje. Baridi kidogo huukomaza, anasema. Utabiri ukitaja nyuzi kumi na kuendelea, ndipo anapotoka. Kwanza husambaza matandazo ya majani makavu juu ya mizizi, unene wa kiganja kilichosimama. Halafu huyakusanya makuti juu, huyafunga kwa utepe mpana wa kitambaa, kwa fundo linalofunguka kwa kidole kimoja. Ndani yake, kulizunguka shaha, huzungusha mnyororo wa taa ndogo za mtindo wa zamani, zile zenye waya unaowaka ndani ya tungi, kwa sababu taa za kisasa zinatoa mwanga bila joto la maana. Taa hizo zimeunganishwa na kifaa kinachoziwasha halijoto ikishuka chini ya kiwango alichoweka na kuzizima ikipanda. Juu ya yote huja kitambaa cheupe chepesi kinachopitisha hewa, na juu kabisa kipaa kidogo cha kuzuia mvua. Usiku mti wote huwaka kwa ndani kama kandili.

Februari 2021, baridi kali ilipoishika Ujerumani kwa wiki nzima, kandili hiyo iliwaka usiku na mchana. Siku ya nane hali ya hewa ilipogeuka, nilidhani angeuacha mti umefunikwa kwa usalama. Hapana. Aliufungua asubuhi ile ile, kitambaa, taa, utepe, vyote, akayaacha makuti yaanguke yenyewe mahali pake. Hapo ndipo nilipouona ufundi wake waziwazi. Kufunika kila mtu anaweza. Yeye anajua saa ya kufunua.

Na kuti likichomoka? Lilichomoka mwaka mmoja, kwenye mnazi mwingine alionao karibu na banda. Hakuukata mti. Aliukausha ule uwazi kwa kitambaa, akautilia dawa ya ukungu yenye shaba, akaufunika mvua isiingie, akangoja. Aprili hakuna kitu. Juni hakuna kitu. Mtu mwingine angeshaleta msumeno. Mwishoni mwa Julai likatokeza jani fupi lililopinda, limekatika ncha, la pili likafuata likiwa zima kidogo, na la tatu zima kabisa. Miezi mitano ya kutazama tundu tupu!

Wengine wanaofanya kazi hii katika nchi za baridi huchagua miti iliyokwisha kulitatua tatizo la shaha kwa njia yake. Kusini-mashariki mwa Marekani kuna Rhapidophyllum hystrix, mfupi, wenye miiba mirefu kama sindano, unaostahimili hata chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, nao huota kwa vichaka, mashina mengi pamoja. Kuna Sabal minor, ambao kwa kawaida shina lake limo ardhini, na shaha lake limelala mle udongo unamolilinda. Italia, katika bustani ya mimea ya Padova iliyoanzishwa mwaka 1545, upo Chamaerops humilis uliopandwa 1585. Mshairi Goethe aliutazama mwaka 1786 na ukamsaidia kuwaza jinsi majani yanavyobadilika umbo. Huo wamekwisha kuujengea nyumba ya vioo.

Ipo pia minazi isiyo minazi. Katika kijiji cha Plockton, kaskazini-magharibi mwa Scotland, wageni hupiga picha miti wanayoiita minazi, kumbe ni Cordyline australis ya New Zealand. Desemba 2010, ambayo kwa Uingereza ilikuwa ya baridi kuliko Desemba zote za miaka mia moja kabla yake, iliiua Cordyline mingi nchini humo, huku Trachycarpus mingi ikisimama.

Ushindi nao una upande wake mzito. Ticino, kusini mwa Uswisi, mti huu umetoroka bustanini. Ndege hula matunda, mbegu huanguka msituni, na kwa kuwa baridi imepungua makali, miche imejaa chini ya miti ya asili hadi kuisonga. Tangu Septemba 1, 2024 Uswisi imepiga marufuku kuuzwa kwake. Nadhani wamefanya sawa. Mzee wangu pia anadhani hivyo, na tangu asikie habari hiyo amekuwa akichungulia chini ya ua wake akitafuta vichipukizi.

Mti una miaka 19 sasa. Ngazi fupi haiutoshi tena. Mwakani atanunua ya vidato sita. Mwezi wa Mei ulitoa maua kwa mara ya kwanza, mashada ya manjano mazito yaliyoning'inia kati ya makuti, nasi tukayachunguza pamoja kwa kioo cha kukuzia. Katika jamii hii dume na jike ni miti miwili mbalimbali. Wake ni dume, hautazaa mbegu.