Kila kitabu na swali lake



Katika seminari zetu tunakuta wasomaji wa namna mbili. Wa kwanza anasoma kile alichoagizwa na profesa: teolojia, sheria ya Eklezya, liturjia. Akionyeshwa kitabu kingine, anasema: «Hiki hakitanisaidia siku ya mtihani.» Wa pili anasoma romani usiku kwa kujificha, na asubuhi anaona haya kama mtu aliyeiba mihogo shambani kwa jirani. Hao wawili wanaonekana kuwa wapinzani, kumbe wana wazo moja. Wote wawili wanaamini kwamba kuna vitabu vya kazi na vitabu vya mchezo, na kwamba anayetaka kuwa padri mwema atashika vile vya kwanza na kuacha vile vya pili.

Wazo hilo nataka kulipima hapa. Nitachukua vitabu vinne vya namna nne mbalimbali, vitatu vya Kongo na kimoja cha jirani zetu wa Tanganyika. Nitaonyesha kila kimoja kinatufundisha jambo gani ambalo vingine haviwezi kutufundisha, na pia pahali kinapokosa.

Neno fupi kwanza juu ya ruhusa, kwani wako wanaoogopa bado. Orodha ya vitabu vilivyokatazwa ilitolewa mara ya kwanza na Papa Paulo IV mwaka 1559; ilichapwa mara ya mwisho mwaka 1948; na mwaka 1966, wakati wa Papa Paulo VI, ilikoma kuwa sheria yenye adhabu. Lakini Roma ilikumbusha siku ile kwamba dhamiri ya Mkristu haikukoma. Kisha, tarehe 17 Julai 2024, Papa Fransisko aliandika barua nzima juu ya kazi ya fasihi katika malezi. Alianza kuiandika kwa ajili ya malezi ya mapadri, halafu akaona yafaa iwe ya Wakristu wote. Alilijua jambo hilo kwa mikono yake mwenyewe, kwani alipokuwa Mjezuiti kijana, mwaka 1964 na 1965, alifundisha fasihi katika shule moja ya Santa Fe, nchini Argentina. Alisikitika kwamba katika malezi ya mapadri fasihi huhesabiwa kuwa pambo tu. Basi mlango uko wazi. Lakini mlango wazi haumwonyeshi mtu njia.

I. Kitabu cha filosofia

Tuanze na kile kinachopendwa zaidi na waseminari, *La philosophie bantoue* cha Padri Placide Tempels, Mfransiskani Mbelgiji. Alifika Kongo mwaka 1933, akakaa Katanga kati ya Baluba. Ndiye pia mwanzilishi wa Jamaa. Kitabu chake kilitoka kwa Kifaransa Elisabethville mwaka 1945. Neno lake kubwa ni hili: kwa Muntu, kuwa ni kuwa na nguvu; na mambo yote ya maisha, yaani uzazi, ugonjwa, baraka, laana, yanaongeza nguvu hiyo au yanaipunguza.

Swali la kukiuliza kitabu cha filosofia ni hili: «Ni kweli? Na mwandishi amejuaje?» Tukikiuliza hivyo, Tempels anastahili sifa kubwa. Wakati wenzake wengi waliona desturi tupu, yeye aliona fikara zenye mpango. Lakini kosa linaonekana vilevile. Alijua Baluba, akasema juu ya Bantu wote. Na katika kurasa zake Muluba anaelezwa, lakini hapewi nafasi ya kujibu. Aimé Césaire alimlaumu vikali, katika *Discours sur le colonialisme*, kwamba heshima ya filosofia iliweza kutolewa ili kusahau mshahara na haki. Mwaka 1968 Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni, aliyekuwa Mjezuiti siku zile, alikipima kwa ukali zaidi.

Mseminari anayesoma Tempels bila kusoma waliomjibu amesikiliza upande mmoja wa shauri. Naye ambaye hajasikia jina la Stefano Kaoze hajui hata shauri lilianzia wapi. Kaoze, aliyepata upadri Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati hizi, alikuwa bado mseminari alipoandika juu ya roho na fikara za Bantu. Maandiko yake yalichapwa katika *La Revue congolaise* zaidi ya miaka thelathini kabla ya Tempels. Mwanafunzi wa seminari aliandika kabla ya mmisionari, na wengi wetu tunamjua mmisionari tu.

II. Kitabu cha historia

Cha pili hakionekani kuwa kitabu. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, André Yav aliandika kwa mashine, kwa ajili ya maboi wa zamani, historia ya mji wao, akaiita *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Maboi ndio wale waliopika, waliofua, waliopanga meza katika nyumba za Wazungu. Walisimama nyuma ya kiti wakasikia yote. Historia hii imeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, kile cha sokoni na cha jikoni; maneno mengine yamekatwa pasipostahili, mengine yameunganishwa, na nukta hazionekani panapotakiwa.

Profesa wa sarufi angekirudisha kwa wino mwekundu. Lakini Johannes Fabian, mtaalamu wa antropolojia aliyekichapisha mwaka 1990, alifanya jambo la akili: alimwomba Kalundi Mango, mwenyeji wa Kiswahili hicho, akisome kwa sauti. Kilichokuwa giza kwa macho kikawa wazi kwa masikio. Maandishi yale yalikuwa yakingoja sauti ya mtu.

Swali la kuuliza hapa ni lingine: «Ni nani anayesema, na ni nani asiyesikiwa kwa kawaida?» Vitabu vikubwa vya historia vya Ulaya vinatuambia magavana, mikataba na tani za shaba. Kitabu cha Yav kinatuambia jinsi utawala ulivyoonekana na mtu aliyebeba sahani. Kina upungufu: habari hazifuatani sikuzote kwa mpango wa miaka, na msomaji atahitaji kitabu kingine kando ili kupima tarehe. Lakini katekista yeyote wa Katanga atakayesoma ukurasa mmoja kwa sauti atatambua sauti ya babu yake. Na padri anayehubiri kwa watu wa mji ule bila kujua kumbukumbu hiyo anahubiri kwa watu asiowajua.

III. Kitabu cha mfano

Cha tatu kinatoka ng'ambo ya ziwa. Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, alizaliwa mwaka 1909 akafa mwaka 1962. *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951, kinaeleza nchi iliyo angani. Karama anashitakiwa mbele ya mfalme kwa sababu alitaka kufundisha watu elimu ya sheria. Mshitaki wake anaitwa Majivuno. Karama hajitetei kwa kulia. Siku baada ya siku anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, hata mbinguni na ardhini, ili kutafuta mema kwa ajili ya nchi. Kila mmoja aliporudi, alilipwa adhabu.

Makosa ya kitabu ni rahisi kuyaona. Watu wake ni wema kabisa au wabaya kabisa. Ukisikia jina umekwisha kujua tabia. Hotuba ni ndefu, na msomaji wa Bukavu au Kalemie atakutana na maneno mengi ya pwani asiyoyazoea. Mjumbe wa nne anaporudi tunajua tayari yatakayompata.

Lakini tusikiulize mfano swali la romani. Swali la mfano ni: «Mimi niko wapi katika habari hii?» Tukiuliza hivyo, kurudia kule kunapata maana. Nchi iliyomwadhibu mjumbe mmoja ilikosea. Nchi iliyowaadhibu sita imefanya kosa kuwa desturi. Shaaban Robert hakutaja serikali yoyote, na kwa sababu hiyo hakuna serikali inayoweza kusema: «Si mimi.» Wala hakuna parokia inayoweza kusema hivyo. Mhubiri atajifunza hapa sanaa ambayo Nathani aliitumia mbele ya Daudi: kumwacha msikilizaji ajihukumu mwenyewe kabla hajatambua kwamba anahukumiwa.

IV. Romani

Sasa tuje kwa ile inayosomwa kwa kujificha. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, aliishi ujanani katika monasteri ya Wabenediktini, akawa profesa mkubwa, akafariki mwezi wa Aprili 2025. Romani yake ya kwanza, *Entre les eaux*, ilitoka mwaka 1973, na mwaka 1975 ikapata tuzo kubwa la kikatoliki la fasihi. Padri Pierre Landu, aliyesoma Roma, anaacha parokia yake na kwenda msituni kwa wapiganaji wa mapinduzi. Anataka kumtenga Kristu na utawala wa Wazungu. Msituni hawamwamini. Anarudi, anajaribu maisha ya ndoa, na mwisho tunamkuta katika monasteri.

Nimesikia mapadri wakiuliza: «Mwandishi anatupinga au anatutetea?» Hilo ni swali la mahakama. Romani inaulizwa: «Mtu huyu yu hai? Na moyo wake unasema nini asipojua kwamba tunamsikia?» Landu yu hai sana. Anazungumza juu ya maskini, lakini macho yake hayaachi kujitazama mwenyewe akizungumza juu ya maskini. Anatoa sadaka, na papo hapo anaipima sadaka yake ina uzuri gani. Teolojia ya maadili inatuambia kiburi ni nini, inatupa maana yake na matawi yake. Romani hii inatufanyia jambo jingine: inatusikilizisha jinsi kiburi kinavyosema «mimi» kinapojidhani kuwa mapendo. Padri anayeketi kitubioni anahitaji masikio ya namna hiyo, kwanza kwa ajili ya nafsi yake.

Upungufu uko. Wapiganaji na wanakijiji wanapita kama vivuli. Mwanamke aliyeolewa na Landu anajulikana kidogo mno. Mtu atasema: ni kwa sababu Landu ndiye anayesimulia, naye hawaoni wengine. Ni kweli nusu. Mwandishi mkubwa angaliweza kutuonyesha wale watu hata kupitia macho ya kipofu huyo.

Namna ya kuvipata

Mtaniuliza: «Tutavipataje vitabu vizuri, na chumba chetu cha vitabu kina rafu mbili?» Njia ninayoijua ni kufuata kitabu kwa kitabu. Tempels anakupeleka nyuma kwa Kaoze, na mbele kwa Eboussi Boulaga. Ukitaka kuona ile nguvu anayoieleza ikitembea katika mji wa kweli, utafute *Ngando* cha Paul Lomami Tshibamba, kilichopata tuzo Bruxelles mwaka 1948: mtoto anachukuliwa na mamba pwani ya mto, na baba yake anamfuata hata kwa pepo. Filosofia inataja nguvu; hadithi inakuonyesha hofu ya baba. Hivyo filosofia imekuongoza hadi kwa hadithi, wewe uliyedhani kwamba hupendi hadithi.

Bila shaka kuna vitabu vinavyoharibu. Alama yao ninayoitambua mimi ni hii: vinamfanya msomaji awadharau watu. Kitabu cha namna hiyo ukifunge, hata kama kiko katika rafu ya teolojia.

Tena tusisahau kwamba kitabu tunachokishika kila siku kina vitabu 73 ndani yake: sheria, historia, zaburi, mezali, wimbo wa mapendo, barua, maono. Pius XII mwaka 1943, na Mtaguso wa Vatikano wa Pili mwaka 1965, walifundisha kwamba ili kuelewa Maandiko Matakatifu ni lazima kutambua namna ya uandishi ya kila sehemu. Lakini mtu ambaye hajaonja shairi atatambuaje zaburi? Ambaye hajui mfano unavyofanya kazi atamweleza nani habari ya mwana mpotevu? Atatoa sheria katika wimbo na tarehe katika mfano, na watu watatoka misa na njaa yao.

Kwa hiyo yule mseminari wa kwanza, anayeogopa kupoteza wakati, amekosa hesabu: vitabu anavyoviacha ndivyo vitakavyomfundisha kusoma kile anachokishika. Na yule wa pili asijifiche tena. Alete romani yake mezani, aisome kwa saa ya mchana, na akiulizwa na mkubwa wake inamfaa nini, awe na jibu. Asipokuwa na jibu, basi alikuwa akicheza kweli.

Nanyi makatekista mlio mbali na chumba chochote cha vitabu: kitabu kimoja kikifika kijijini, msikisome peke yenu. Someni kwa sauti jioni, kama yalivyosomwa maandiko ya maboi wa Elisabethville, na waacheni wazee wajibu.