Aliyelizwa Siye Aliyefutwa Machozi

Tarehe 10 Desemba 2020, katika hafla ya The Game Awards, No Man's Sky ilitangazwa kuwa gemu bora miongoni mwa zile zinazoendelea kuboreshwa baada ya kuuzwa. Miaka minne tu nyuma yake, gemu hiyohiyo ilikuwa ikitolewa mfano kila mtu alipotaka kuzungumzia ahadi hewa. Siku hiyohiyo ya tuzo, studio ya CD Projekt Red ya Warsaw, Poland, iliingiza sokoni Cyberpunk 2077, na hata wiki mbili hazikuisha kabla ya kurithi kiti kile cha kulaaniwa. Desemba 2023, Cyberpunk 2077 nayo ikapewa tuzo ileile.

Anayesoma orodha ya tuzo peke yake atasema dawa imeshajulikana: omba radhi, rekebisha, vumilia matusi, mwisho wateja watarudi. Ni kweli walirudi. Ninalouliza ni kama waliorudi ndio waliokuwa wameondoka, na swali hilo huonekana vizuri zaidi ukiwa Nkubu kuliko ukiwa Los Angeles tuzo zinapotolewa.

Nkubu, kwenye barabara ya Meru kwenda Embu, gemu huchezwa kama zinavyochezwa katika miji mingi midogo ya Kenya. Kuna simu ya Android, na kuna chumba cha PS chenye televisheni kadhaa, padi zilizochakaa na vijana wanaolipa kwa mechi. Mashine ni PS3 au PS4 iliyokwisha kupita mikono ya watu wengine, na diski ni za mtumba vilevile. Risiti haipo. Intaneti ni bando la simu, na bando hupigiwa hesabu kabla halijafunguliwa. Mteja wa aina hii hatajwi katika makala zinazosifu kampuni zilizorudisha imani ya wanunuzi. Lakini kila hatua ya kurekebisha gemu ina gharama ambayo mtu fulani lazima ailipe, na ni kwake gharama hiyo inapoonekana bila pazia.

Tuichambue Cyberpunk, kwa kuwa ndiyo yenye mengi. PS4 ilitoka mwaka 2013 ikiwa na diski kuu ya kuzunguka, ya mwendo wa pole. Mji wa Night City ulijengwa kwa namna ambayo mchezaji akiendesha gari, majengo, watu na magari yaliyo mbele yake husomwa kutoka kwenye diski papo hapo. Kompyuta yenye nguvu huliweza hilo. PS4 ilishindwa: picha zikawa na ukungu, barabara zikawa tupu, mashine ikaganda au gemu ikajifunga yenyewe. Mwezi mmoja baadaye, 13 Januari 2021, mwanzilishi mwenza Marcin Iwiński alijitokeza kwenye video akakiri kwamba walitengeneza gemu ipendeze kwanza kwenye kompyuta, kisha wakajaribu kuishusha hadi kwenye mashine za zamani, na kwamba uzito wa kazi hiyo hawakuupima sawasawa.

Hitilafu watu huzivumilia. Aliyewahi kucheza PES kwenye PS2 anajua. Kilichovunja imani kilikuwa kitu kingine. Waandishi waliopewa gemu mapema ili waitathmini walipewa ya kompyuta. Toleo la PS4 na Xbox One halikuonyeshwa hadi mnunuzi alipolifungua mwenyewe, na wakati huo zaidi ya nakala milioni 8 zilikuwa zimeshalipiwa kabla ya siku ya kutoka. Mwisho wa Novemba wakubwa wa kampuni walikuwa wamewahakikishia wawekezaji kwamba hali kwenye mashine hizo ni nzuri. Kwa kauli nyingine, bidhaa mbovu ilifichwa nyuma ya bidhaa nzuri yenye jina lilelile.

Msamaha ulikuja haraka. Tarehe 14 Desemba kampuni iliomba radhi na kusema asiyeridhika arudishiwe pesa zake, na wenye nakala za diski wakapewa hadi tarehe 21, yaani wiki moja. Tarehe 18 Sony iliiondoa gemu hiyo kwenye duka la PlayStation, ikaahidi kumrudishia kila aliyeinunua hapo. Gemu haikurudi dukani humo hadi 21 Juni 2021. Kwa mtu wa Berlin, huo ni utaratibu unaoeleweka. Aliyenunua diski mbili za Cyberpunk kutoka kwa rafiki wa rafiki hakuwa na risiti, wala duka, wala wiki moja. Kwa wakati huo Kenya haikuwa hata kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na PlayStation Network. Wengi huandikisha akaunti kwa jina la nchi nyingine. Utamwandikia nani barua ya malalamiko ilhali mfumo unakujua kama mkazi wa Afrika Kusini au Marekani?

Baada ya hapo ndipo ilipoanza kazi yenyewe, na lazima niseme ilikuwa kazi ya kuheshimika. Mwaka 2021 wote ulikwenda kwenye kuziba mashimo. Februari 2022 likatoka sasisho la 1.5 pamoja na toleo la PS5, ambalo mwenye nakala ya PS4 hakulilipia. Septemba mwaka huohuo Netflix ikaonyesha Edgerunners, katuni iliyotengenezwa na Studio Trigger ya Japani, na watu waliokuwa wameapa kutoigusa gemu ile wakaifungua tena kwa maelfu. Halafu, 21 Septemba 2023, likaja sasisho la 2.0. Mfumo wa polisi ulifumuliwa ukashonwa upya, ngazi za ujuzi wa mhusika zikabadilishwa, mapambano ya magari yakaongezwa. Siku tano baadaye ikafuata nyongeza ya kulipia, Phantom Liberty. Hapo ndipo sifa zilipomiminika.

Sasa tazama lililo chini ya sifa hizo. Sasisho la 2.0 halikutolewa kwa PS4 wala Xbox One. Wala Phantom Liberty. Mashine hizo ziliachiwa kituo cha 1.6, cha Septemba 2022, pamoja na marekebisho madogo yaliyofuatia. Kundi lililoumizwa zaidi Desemba 2020 ndilo pekee ambalo halikuifikia gemu iliyosifiwa. Mwenye PS4 aliyetaka kuonja toba ya CD Projekt Red ilimbidi kwanza akanunue mashine mpya.

Kuna hoja ya kuwatetea, na ni hoja ya haki: diski ya kuzunguka ya mwaka 2013 haigeuki kuwa ya kasi kwa sababu kampuni imejuta. Huenda kweli kazi ile haikuwezekana kwenye PS4. Lakini basi haikuwezekana tangu mwanzo, na pesa ilipokelewa.

Ndiyo maana naiona No Man's Sky kuwa kazi safi zaidi, ingawa kosa lake la awali lilikuwa kubwa. Hello Games, studio ndogo ya Guildford, Uingereza, iliiuza kwa dola 60 kuanzia 9 Agosti 2016. Sean Murray, kiongozi wake, alikuwa amezungumza kwenye runinga na majukwaani kwa karibu miaka mitatu, na kila alipoulizwa kama jambo fulani litakuwemo alielekea kuitikia. Siku ya kwanza kabisa wachezaji wawili walisafiri hadi sayari moja, wakasimama mahali pamoja, na hakuna aliyemwona mwenzake. Malalamiko yakafika hadi kwenye mamlaka ya Uingereza inayosimamia matangazo ya biashara, nayo mwisho wa Novemba ikaamua kwamba ukurasa wa mauzo haukumdanganya mnunuzi. Uamuzi huo haukumtuliza mnunuzi hata mmoja niliyemsikia.

Studio ilinyamaza. Si wiki, ni miezi. Kisha Novemba 2016 likatua sasisho kubwa la kwanza, Foundation, pamoja na maneno machache sana. Mwaka 2017 yakaja mengine mawili makubwa. Julai 2018 lilipofika lile la NEXT, watu waliweza hatimaye kuonana na kucheza pamoja, jambo lililokosekana siku ya kwanza. Hadi leo masasisho yanaendelea, hayalipiwi, na PS4 bado imo. Diski ileile ya Agosti 2016 ukiitia kwenye mashine ileile, ukiwa na bando la kutosha, utapata gemu mpya. Mwishoni mwa 2024 maoni ya wanunuzi kwenye duka la Steam, ukiyajumlisha tangu siku ya kwanza ya hasira, yalivuka hadi daraja la kusifiwa sana.

Wengi huchukua funzo moja hapa, kwamba kimya ni hekima. Nina shaka nalo. Hello Games iliweza kunyamaza kwa sababu ilikuwa na wafanyakazi wachache mno, ilikuwa imeshauza nakala nyingi, na haikuwa na mwanahisa wa kumjibu kila robo mwaka. CD Projekt iko kwenye soko la hisa la Warsaw. Bei ya hisa zake ilipoporomoka, wawekezaji wa Marekani waliishtaki, na shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 1.85. Kampuni ya namna hiyo ikikaa kimya miezi mitatu, kuna wanaouza. Kwa hiyo tusiisifu tabia kabla hatujatazama mizania.

Mfano wa tatu ni wa zamani kidogo, na ndio uliomkumbuka mteja wa kwanza kwa jina. Square Enix ya Japani ilitoa Final Fantasy XIV mnamo 30 Septemba 2010 ikiwa nzito na yenye kuchosha. Kampuni iliacha kwa muda kutoza ada ya mwezi, ikambadilisha kiongozi, na Desemba mwaka huo Naoki Yoshida akakabidhiwa mradi. Aliiendesha gemu mbovu huku akiijenga nyingine kando, kisha Novemba 2012 akaizima ya kwanza kwa kuuangushia ulimwengu wake mwezi kutoka angani. Mpya ilifunguliwa Agosti 2013. Waliokuwa wamelipa ada iliporudishwa, gemu ikiwa bado na shida, waliwekewa bei nafuu ya mwezi ya kudumu, na majina ya wahusika wao yakaandikwa kwenye orodha ya shukrani mwishoni. Hakuna studio nyingine niijuayo iliyosema waziwazi hivyo: tunawajua nyinyi mliobaki.

Gemu hizo tatu, nakubali, si za Nkubu. Ya Nkubu ni kandanda. Konami ilipolitupa jina la PES na kutoa eFootball 2022 tarehe 30 Septemba 2021, ilikuwa imehamia mtambo mpya wa kutengenezea gemu, wa Unreal, na haikuwa tayari. Timu za kuchezea mechi za kawaida zilikuwa tisa tu. Master League haikuwemo. Nyuso za Messi na Ronaldo zilisambazwa kwenye simu kama vichekesho, na kwenye Steam ikashuka hadi miongoni mwa gemu zilizopata maoni mabaya kuliko zote za duka hilo. Konami iliomba radhi kesho yake, ikaahirisha toleo kamili lililotarajiwa Novemba, ikawarudishia pesa waliolipia kifurushi chake kabla, na toleo la 1.0 likatoka Aprili 2022.

Lakini kwenye simu Konami ilifanya jambo la busara ambalo halisemwi. Iliwaacha watu na PES 2021 yao hadi Juni 2022, ndipo programu ileile ikageuzwa kuwa eFootball, baada ya wenye kompyuta na PS kula hasara ya majaribio kwa miezi minane. Kwa mara moja, mteja mwenye kifaa dhaifu alihudumiwa mwisho kwa faida yake. Hakulizwa, hivyo hapakuwa na haja ya kumbembeleza. Sidhani kama ilikuwa hisani. Simu ndiko wachezaji waliko, na hakuna anayechezea duka lake lenye wateja wengi. Matokeo ni yaleyale.

Wakulima wa maziwa wa Meru hawahitaji kufafanuliwa tofauti hii kati ya aliyeumizwa na aliyehudumiwa vizuri baadaye. Kampuni ya maziwa ya KCC iliposambaratika mwishoni mwa miaka ya 1990 wafugaji walibaki wakidai malipo ya maziwa waliyokwisha kupeleka. Serikali mpya ya Rais Kibaki iliirudisha mikononi mwa umma mwaka 2003 kwa jina la New KCC, na mfugaji mpya angeweza kuanza nayo ukurasa mweupe. Mwenye deni la zamani alikuwa na swali jingine kabisa, na kulipwa vizuri kwa jirani yake hakukuwa jibu la swali hilo.

CD Projekt Red sasa inatengeneza The Witcher 4. Juni 2025, katika mkutano wa Epic Games, ilionyesha sehemu ya majaribio ya teknolojia yake, na safari hii haikuja na kompyuta ya kifahari: ilionyesha kwenye PS5 ya kawaida. Kwangu hiyo ni toba yenye maana kuliko video ya Januari 2021, kwa sababu inagusa tendo lenyewe lililovunja imani. Bado ni maonyesho, gemu haijafika. Kwa hiyo ndugu mwenye chumba cha PS, trela yoyote itakayokuja, soma kwanza maandishi madogo yanayotaja imerekodiwa kwenye mashine gani. Kama si mashine uliyo nayo, usiilipie mpaka umeiona ikichezwa kwenye inayofanana na yako.