Sauti Safi ya Gita, Bukavu

Metallica, bendi ya roki nzito ya Marekani, wanajulikana kwa kelele. Hata hivyo, baadhi ya nyimbo zao zinazopendwa zaidi huanza kwa gita safi, lisilo na mkwaruzo hata chembe, na hapo ndipo kazi ilipo. Mkwaruzo husitiri: kidole kikiteleza, kelele hukimeza. Sauti safi haisitiri kitu.

Chukua mwanzo wa "Nothing Else Matters", wa mwaka 1991. James Hetfield, mwimbaji na mpiga gita wao, anapiga nyuzi nne tupu: mi ya chini, sol, si, mi ya juu. Mwenyewe amesimulia kwamba aliuokota muziki huo akiwa anaongea kwenye simu, mkono mmoja tu ukiwa huru. Kijana wa kwaya pale Kadutu, mjini Bukavu, ataushika upesi. Kuufanya ulie unavyopaswa kulia ni kazi nyingine kabisa.

Amplifaya inayohusishwa na sauti safi za Hetfield ni Roland JC-120, iliyotoka Japani mwaka 1975. Ndani yake mna amplifaya mbili za wati 60 na spika mbili za inchi 12. Spika moja hutoa sauti kavu; ya pili hutoa sauti ileile, imecheleweshwa milisekunde chache na kuyumbishwa kidogo: ndiyo korasi. Hazichanganywi kwenye waya. Zinakutana hewani, mle chumbani, na ufundi huo mimi sichoki kuusifu.

Mpiga solo mmoja wa hapa mjini hana mashine hiyo. Ana spika mbili za kanisa na pedali ya korasi. Gita kavu alilipeleka spika ya kulia, la korasi spika ya kushoto, akaziachanisha, akasogeza moja, akasikiliza, akasogeza tena. Kisha akarudi kwenye gita lenyewe. Akahamia pikapu ya shingoni, akapunguza volyumu, akavuta nyuzi kwa nyama ya kidole badala ya ukucha. Umeme ulikuwa wa jenereta, na spika zikavuma. Akajigeuza polepole na gita lake mpaka akapata pembe ambayo mvumo ulififia, akabaki amesimama hivyohivyo, ubavu kwetu. Ndipo akapiga mwanzo ule wa Hetfield. Mi ya chini aliiacha ilie hadi mwisho wa mzunguko. Zile tatu za juu alizipa nguvu moja.

Subira hiyo haikutoka Marekani. Hapa Kongo, mpiga gita Franco alivuta nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada. Docteur Nico, tangu bendi ya African Jazz hadi African Fiesta, alipiga solo angavu ambayo kila noti inahesabika. Na wapigaji wa mi-solo, gita la kati, huondoa uzi wa re na kufunga mwembamba unaolia oktava moja juu, ili gita lao lisigongane na solo wala la kuongozana. Aliyelelewa na magita hayo ya sebene, kwa masikio yangu, anaingia kwenye sauti ya Hetfield akiwa amekwisha kumaliza nusu ya safari.

Basi kijana, kabla hujauza simu ununue pedali, funga nyuzi mpya. Zilizoota kutu hazitoi sauti safi, hata ukichomeka gita kwenye Roland yenyewe.