Ni nani aliomba utenzi mzima? Homer, Mwindo na kipimo cha wataalamu



Wengi kati yetu tuliosoma latin-philo kwenye sekondari tulitoka pale na wazo moja: Homer ndiye baba wa utenzi, ile hadithi ndefu ya shujaa yenye kuimbwa, na za kwetu kijijini ni hadithi tu za usiku. Wazo hilo halikuanguka toka juu. Lilijengwa na watu waliochunguza vitabu vya Wagiriki wa zamani. Lakini utafiti ule ule, tukiusoma vizuri, ndio unalibomoa.

Iliad iko na mistari zaidi ya 15,000, Odyssey zaidi ya 12,000. Wataalamu wa Ulaya waliulizana siku nyingi: kazi kubwa hivi ilitungwa namna gani na watu ambao walikuwa bado hawajazoea kuandika? Mwaka 1795 Mjerumani Friedrich August Wolf alijibu kwamba zilikuwa nyimbo za kuimbwa kwa kichwa, zikaunganishwa nyuma. Kisha kwa zaidi ya miaka mia moja wasomi walikuwa wakimkata Homer vipande vipande juu ya meza zao.

Mwenye kuitoa kazi hiyo juu ya meza ni Mmarekani Milman Parry. Katika tezi aliyoitetea Paris mwaka 1928, alionyesha kwamba maneno yanayorudirudi ndani ya Homer (kumwita Achilles mwepesi wa miguu hata pale amekaa kitako) si uzembe. Ni vyombo vya kazi: vinaingia sawasawa katika mizani ya mstari, na vinamusaidia mwimbaji kuendelea bila kusimama. Halafu, kati ya 1933 na 1935, Parry alienda Yugoslavia na mashine ya kunasa sauti juu ya sahani za aluminiamu, kwenda kusikiliza waimbaji wenye uhai. Pale alikutana na Avdo Međedović, muuza nyama, hajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1935 mzee huyo alitamka wimbo wa mistari zaidi ya 12,000, siku kwa siku, mtu akiandika. Ni urefu wa Odyssey, toka kinywa cha mtu wa soko!

Hapa ndipo wasomaji wengi wanasimama na kupiga makofi. Mimi naomba tuendelee hatua moja. Wimbo ule ulikuwa mrefu vile juu ya nini? Juu mgeni aliuomba. Kwenye watu wamekaa usiku, wengine wanaingia, wengine wanatoka, mwimbaji anapima wimbo kufuatana na wasikilizaji. Lakini mbele ya mwandishi mwenye kalamu na subira, ananyoosha. Albert Lord, mwanafunzi wa Parry, aliliona jambo hilo, na mwaka 1953 akatoa wazo kwamba hata Homer alitamka Iliad mbele ya mtu mwenye kuandika. Si wote wanakubali. Hata hivyo, swali limebaki: huenda ule urefu tunaousifu ulizaliwa siku ya kuandika.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1956, kwa Banyanga wa upande wa Walikale, mzee Shé-Kárisi Rureke alisimulia Mwindo kwa siku 12. Aliimba, alicheza, aliigiza. Kitabu kilitoka mwaka 1969, kazi ya Mbelgiji Daniel Biebuyck na ndugu yetu Kahombo Mateene, Munyanga mwenyewe na mtaalamu wa lugha. Ndani yake kuna neno dogo ambalo watu wanalipita haraka: Rureke alisema hajawahi kamwe kusimulia Mwindo yote kwa mfululizo wa siku namna hiyo. Desturi ni kutoa sehemu: leo hii, siku ingine ile. Sawa vile kwa Avdo, hadithi nzima iliombwa.

Mwaka uliofuata, 1970, Ruth Finnegan aliandika katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi ya mdomo ya Afrika kwamba utenzi, kwa maana ya shairi refu la kusimulia, hauonekane sana huku kwetu. Hata Lianja ya Wamongo, aliyoichapisha padri Boelaert mwaka 1949, aliiona kuwa kwa sehemu kubwa ni maneno ya kawaida, si mashairi. Mwanamke huyu si adui. Kazi yake imetufaa sana. Ila kipimo alichoshika, mstari na urefu, ni cha karatasi. Na Aristotle mwenyewe, mwalimu wa wote hao, alisema si mizani inayomfanya mtu kuwa mshairi. Mwenye kuandika mambo ya uganga kwa mistari habadiliki kuwa Homer.

Isidore Okpewho wa Nigeria, aliyesomea Kigiriki na Kilatini kule Ibadan, alijibu kwa kitabu mwaka 1979, akiweka Mwindo karibu na Homer kama kazi za waimbaji mbele ya watu. Jibu zuri. Lakini sisi tuliolipokea tumelifupisha vibaya. Tunasema: nasi tuko nayo, nasi yetu ni ndefu. Basi tunakimbilia wazee na kuwaomba «yote», na mzee akitoa kipande, tunaandika kwamba amesahau. Hapana. Hajasahau. Ametoa kile ambacho usiku ule ulidai.

Homer ametuachia maneno bila usiku wake. Nani alikuwa anaitikia? Nani alicheka, nani alisinzia? Wataalamu wamevuka bahari kutafuta majibu kwa waimbaji wa nchi ingine, kwa sababu Wagiriki wa siku zile hawakuandika hayo. Sisi bado tunaweza kuandika. Kwa hiyo, ndugu, ukienda kwa mzee na simu yako ya kunasa sauti, andika jina lake, kama vile jina la Rureke lilivyoandikwa. Andika waliokaa pale, wenye kuitikia, mahali alipokata na sababu ya kukata. Andika pia jina lako, wewe uliyeomba. Na akitoa kipande tu, pokea kipande.